Subiri Wimbi Lirudi: Kupiga Picha za Taswira kwenye Mchanga Mbichi

Wengi tukifika ufukweni na kamera hukimbilia kupiga wimbi linapokuja. Mimi siku hizi nasubiri lirudi. Linaporudi huacha juu ya mchanga utando mwembamba wa maji, na kwa sekunde chache utando huo ni kioo: mawingu, jua, mtu anayepita, vyote vimo humo. Halafu mchanga unayanywa maji, taswira inafifia, na inabidi ungoje wimbi jingine.

Tafuta mchanga laini ulio tambarare, maana ule wenye chembe kubwa hukauka upesi. Saa nzuri ni maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, bahari inaporudi mbali na kuacha uwanja mpana uliolowa. Jua la asubuhi au la jioni likikutana na saa hiyo, usibaki nyumbani.

Ukishafika, chuchumaa. Hili ndilo nalisisitiza kuliko yote. Ukisimama na kutazama maji yaliyo miguuni pako, yanarudisha takriban asilimia 2 tu ya mwanga, kwa hiyo unaona mchanga. Ukishuka hadi kamera iwe shibiri moja kutoka chini, mwanga unaorudi huongezeka sana, na palipokuwa na tope la kijivu panajaa rangi za anga. Mwenye simu aigeuze juu chini ili lenzi ikae karibu na mchanga. Filta ya kuondoa mng'ao ivue, kwani itakufutia hichohicho unachokitafuta.

Fokasi iweke kwenye kitu chenyewe: mtumbwi, mwamba, mtu. Kwa lenzi, taswira iko mbali kama kitu hicho au zaidi kidogo, haiko pale mchangani. Ukilenga mchanga utapata chembe kali na taswira yenye ukungu. Mwanga nao upime kwa anga, kwa sababu taswira huwa na giza kuliko anga yenyewe, na sehemu yenye giza hurekebishika baadaye. Anga iliyoungua, yaani iliyogeuka nyeupe tupu kwa kuzidiwa na mwanga, hairudi.

Tripodi ikandamize chini kwa nguvu na usiiache peke yake, maana kila wimbi huchimba mchanga chini ya miguu yake. Baadaye ifute kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi. Na kabla ya yote hayo, pita nyuma ya eneo unalotaka kupiga: nyayo zikishaingia kwenye fremu, mawimbi kadhaa yatapita kabla hazijafutika.