Viungo Kuuma Wakati wa Kukoma Hedhi: Maswali na Majibu

Maswali yote ya safari hii yanahusu viungo vinavyoanza kuuma hedhi inapobadilika au baada ya kukoma. Tumeyafupisha, na yaliyofanana tumeyaunganisha.

Swali: Nina miaka 48 na hedhi yangu sasa inaruka miezi. Naamka vidole vimekakamaa, leo yanauma magoti, kesho mabega. Nimepimwa damu, haikuonekana kitu. Naambiwa ni mawazo. Ni kweli?

Si mawazo, dada. Estrojeni, homoni ya kike, haifanyi kazi kwenye mfuko wa uzazi peke yake. Mifupa, misuli, kano, gegedu linalofunika ncha za mifupa na utando unaozunguka kiungo, vyote huipokea na kuitegemea. Ikiwa ya kutosha, husaidia kutuliza uchochezi (uvimbe na moto wa ndani ya viungo) na kulinda misuli. Ikianza kupanda na kushuka, jambo linaloweza kutokea miaka kadhaa kabla hedhi haijakoma, kinga hiyo huyumba. Zaidi ya nusu ya wanawake hupata maumivu ya viungo au misuli katika kipindi hiki.

Ushahidi ulio wazi unatoka kwa wagonjwa wa saratani ya matiti. Wanaopewa anastrozoli au letrozoli, dawa zinazozuia mwili kutengeneza estrojeni, wengi hulalamikia mkakamao wa asubuhi na viungo kuuma, malalamiko yanayofanana sana na yako.

Kuhusu damu: hakuna kipimo cha maumivu ya homoni. Majibu safi yanasaidia kuondoa magonjwa mengine kwenye orodha, hayathibitishi kwamba huumwi. Tena kwa mwanamke aliyevuka miaka 45 mwenye dalili kama zako, kwa kawaida hata kupima homoni si lazima, kwa sababu kiwango chake hubadilika siku hadi siku. Usingizi nao uangalie. Jasho la usiku likikuamsha mara kwa mara, mwili huchoka na maumivu yaleyale huhisiwa makali zaidi. Kutibu jasho na usingizi ni sehemu ya kutibu viungo.

Swali: Nitajuaje kama ni mabadiliko haya na si baridi yabisi?

Swali hili tunalipenda, kwa sababu kosa la pili, baada ya kuambiwa ni mawazo, ni kila maumivu kusingiziwa homoni. Baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo, nayo huanza sana katika umri huu, na ikichelewa kutibiwa hula viungo.

Anza na asubuhi. Mkakamao wa homoni au wa gegedu kulika mara nyingi hulegea ndani ya nusu saa ya kutembea na kufanya shughuli. Ukidumu saa nzima au zaidi, shuku uchochezi. Kisha shika kiungo. Kiungo chenye baridi yabisi huvimba uvimbe laini unaobonyea, mara nyingi kwenye maungio ambapo vidole vinashikana na kiganja na kwenye vifundo vya mikono yote miwili. Mwombe mtu akubane kiganja kwa upana, kama anayekupa mkono, akikaza taratibu kwenye hayo maungio. Ukishtuka kwa maumivu, nenda ukapimwe damu: ESR na CRP, vinavyoonyesha uchochezi, na RF na anti-CCP, vinavyotafuta kingamwili za baridi yabisi. RF peke yake isikutoshe, maana wapo wagonjwa ambao haionekani kwao, na wazima ambao inaonekana.

Vinundu vigumu kama mfupa kwenye maungio yaliyo karibu na kucha, au maumivu kwenye shina la kidole gumba unapofungua kifuniko, kwa kawaida ni gegedu kulika. Hali hii huwapata sana wanawake wa umri huu na hurithiwa kwenye familia. Jongo (gauti, ugonjwa wa asidi ya yuriki kujikusanya kwenye viungo) pia halibagui tena: estrojeni husaidia figo kutoa asidi ya yuriki, kwa hiyo baada ya hedhi kukoma mwanamke hupoteza ulinzi huo. Muulize daktari pia kuhusu tezi ya thairoidi na vitamini D, kwani upungufu wa vyote viwili huleta maumivu yanayofanana na haya.

Mambo haya hayasubiri hata siku moja: kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chenye moto, pamoja na homa, na kwa aliyevuka miaka 50, maumivu mapya ya kichwa pembeni mwa paji, taya kuuma wakati wa kutafuna, au macho kufifia. Mabega na nyonga za pande zote mbili zikikaza hivi kwamba huwezi kugeuka kitandani asubuhi, nenda hospitali ndani ya siku chache.

Swali: Magoti yananiuma nikipanda ngazi. Wengine wananiambia nipumzike, wengine nifanye mazoezi. Nimsikilize nani?

Wasikilize wa mazoezi, ila ujue yapi na kwa kiasi gani. Goti hubebwa na misuli ya mbele ya paja na ya makalio. Estrojeni ikipungua, misuli hiyo hunywea haraka, na ukiongeza mapumziko inanywea zaidi. Mzigo wote unabaki kwenye gegedu. Kutembea ni kuzuri kwa moyo na usingizi, lakini hakutoshi kujenga paja.

Zoezi la kuanzia ni kiti. Chukua kiti kigumu kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani. Kaa kwenye nusu ya mbele, miguu iachane kwa upana wa nyonga, visigino virudi nyuma kidogo ya magoti. Inamisha kifua mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, ndipo usimame. Kushuka kuwe polepole, ukihesabu moja mpaka tatu, bila kujitupa. Fanya mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja au mbili, rudia mpaka zitimie raundi tatu. Mara mbili au tatu kwa wiki, siku zisizofuatana. Kiti kikikushinda, weka mto mgumu ili kiinuke. Kikiwa chepesi, shika mzigo kifuani.

Linaloharibika mara nyingi ni magoti kuingia ndani wakati wa kuinuka. Hapo goti husuguliwa vibaya, na mtu husema mazoezi yameniumiza. Jitazame kwenye kioo: goti lielekee kidole cha pili cha mguu. Kosa lingine ni kufanya mengi siku ya kwanza, kushindwa kutembea siku mbili, kisha kuacha kabisa.

Pima maumivu kuanzia 0 hadi 10. Yakifika 3 au 4 wakati wa zoezi na kurudi yalipokuwa ndani ya saa 24, endelea. Yakizidi hapo, au goti likivimba kesho yake, punguza idadi na kina cha kukaa, usiache. Jipe wiki 8 hadi 12 kabla ya kuamua kama limesaidia. Misuli haijengeki kwa wiki mbili.

Kama uzito umeongezeka, hata kilo chache zina maana: watafiti walipima wenye magoti yaliyolika na kuona kila kilo moja iliyopungua mwilini ilipunguza takriban kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua. Ila usijinyime chakula mpaka ukose protini, utapoteza misuli ileile tunayoitafuta.

Swali: Ubavu wa nyonga unaniuma usiku nikilalia upande huo. Mchana najinyoosha kwa kuvuta goti kuelekea bega la upande wa pili, lakini hali inazidi.

Acha kuvuta. Ukibonyeza pembeni ya paja, chini kidogo ya kiuno, utakuta nundu ya mfupa. Hapo ndipo zinapojishikiza kano za misuli ya makalio, na kwa wanawake wa miaka 40 hadi 60 huchoka sana. Kila paja linapovuka kwenda upande wa pili, kano hubanwa kwenye ile nundu. Kujinyoosha kwako kunafanya hivyo hivyo. Kukunja nne na kusimama umeegemea mguu mmoja nyonga ikiwa imetokeza nje vivyo hivyo.

Usiku lala chali, au lalia upande usiouma ukiweka mto mnene unaoanzia magotini mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mto wa magotini peke yake huacha mguu ukining'inia. Mchana lala chali, magoti yakunjwe, funga mkanda kuzunguka mapaja, kisha sukuma mapaja nje kwa nguvu ndogo dhidi ya mkanda, bila kuyaachanisha, sekunde 10 hadi 15, mara tano. Likizoeleka, ongeza kuinua makalio kutoka sakafuni, halafu lile zoezi la kiti. Utafiti uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 2018, uliofanywa Australia, uliona baada ya wiki nane waliofundishwa mkao na mazoezi walipata nafuu asilimia 77, waliochomwa sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uchochezi, asilimia 58.

Swali: Bega la kushoto halifiki mgongoni kufunga sidiria, na usiku linachoma. Nililazimishe?

Usililazimishe. Bana kiwiko ubavuni, ukikunje, mwombe mtu aupeleke mkono wako nje taratibu. Kama unagoma hata ukisaidiwa, huenda bega limeganda. Huwapata zaidi wanawake wa miaka 40 hadi 60, na hasa wenye kisukari au matatizo ya thairoidi, kwa hiyo pima sukari hata kama hujawahi kuwa nayo.

Hupitia hatua tatu: kuuma sana, kukakamaa, kisha kulegea, na safari nzima huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Wakati linauma sana, kuvutwa kwa nguvu huongeza maumivu. Egemea meza kwa mkono mzima, inama, acha mkono mgonjwa uning'inie, uzungushe duara dogo dakika moja au mbili, mara kadhaa kwa siku. Sindano ya steroidi ndani ya kiungo husaidia zaidi ikipigwa mapema. Mwenye kisukari ajue kwamba sukari yake itapanda kwa siku kadhaa.

Swali: Nimeze dawa gani ya maumivu?

Kwa magoti na vidole, anza na jeli ya diklofenaki. Ile ya asilimia 1 hupakwa gramu 4 kwa goti moja, yaani mstari wa takriban sentimita 11, na gramu 2 kwa mkono, mara nne kwa siku. Wengi hupaka kitone kisha wanasema haifanyi kazi. Nyonga na bega viko ndani mno, jeli haifiki vizuri.

Ibuprofeni miligramu 400 pamoja na chakula, isizidi mara tatu kwa siku, na kwa siku chache tu. Usiinywe bila kumwona daktari ukiwa na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, au ukitumia dawa za kuzuia damu kuganda. Wenye presha wawe makini zaidi: dawa za presha za kundi la enalapril au losartan zikichanganywa na za kukojoza, kisha ukaongeza ibuprofeni, figo zinaweza kuumia. Parasetamoli ni salama zaidi ikiwa haivuki gramu 4 kwa saa 24, ingawa kwa viungo nguvu yake ni ndogo.

Tunaomba sana hapa: unga au vidonge vya "asili" vinavyoondoa maumivu yote kwa siku moja, viogopeni. Katika nchi kadhaa vimepimwa na kukutwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, au diklofenaki iliyofichwa. Steroidi hiyo hupandisha sukari na presha na hudhoofisha mifupa ambayo tayari inapoteza estrojeni. Na kama umeinywa kwa wiki kadhaa, usiiache ghafla. Nenda na pakiti yake hospitali, upunguziwe dozi polepole.

Swali: Tiba ya homoni itanisaidia viungo?

Huenda, lakini kwa kiasi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani, waliotumia estrojeni walipungukiwa maumivu ya viungo kidogo tu ukilinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake. Kwa hiyo haitolewi kwa ajili ya viungo peke yake. Ukiwa na joto la ghafla, jasho na usingizi mbovu, ina sababu nzuri, na viungo vinaweza kufaidika humo humo. Faida huzidi hatari zaidi ikianzwa kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome. Mwenye mfuko wa uzazi lazima apewe na projestojeni, homoni nyingine inayolinda mfuko huo, la sivyo ukuta wa mfuko hunenepa na unaweza kuleta saratani. Kwa kawaida haifai kwa aliyewahi kuugua saratani ya matiti, wala mwenye damu ukeni isiyojulikana chanzo. Kama kuna hofu ya damu kuganda, kibandiko cha ngozini kina hatari ndogo kuliko vidonge.

Swali: Na kalsiamu, glukosamini, kolajeni?

Kalsiamu ni ya mifupa, haiondoi maumivu ya viungo. Jumla ya miligramu 1,200 kwa siku, chakula kikiwemo, inatosha, na kidonge kisizidi miligramu 500 au 600 kwa mara moja, maana mwili haufyonzi vizuri zaidi ya hapo. Vitamini D husaidia aliyepungukiwa. Glukosamini ushahidi wake ni dhaifu. Ukitaka kuijaribu jipe miezi mitatu, na usipoona tofauti acha. Kolajeni bado haijaonyesha cha kutosha kutufanya tuipendekeze. Manjano ya vidonge yasitumiwe pamoja na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Swali: Magoti yanalia kila nikichuchumaa, ingawa hayaumi. Niogope?

Hapana. Kulia bila maumivu wala uvimbe hakudhuru, na si sababu ya kuacha kuchuchumaa. Goti likinasa lisinyooke, likikuachia ghafla, au likivimba, hapo lipelekwe likaangaliwe.