Usimngoje Mtaliano: Nilivyouza Nyumba ya Mambrui Soko Likiwa Limelala

Dada mmoja wa Hindi, kule Lamu bara, ameniandikia. Baba yao alifariki akaacha nyumba ya vyumba vitatu, mabati, kisima, miembe na mikorosho kidogo. Wameitangaza hadi wamechoka na hakuna anayepiga simu isipokuwa madalali. Ndugu zake wanasema wangoje, bandari mpya ya Lamu ikichangamka bei itapanda. Yeye ana shida ya pesa sasa. Amesikia mimi niliuza yangu Mambrui wakati ambao hata viwanja vya karibu na bahari vilikuwa vimekaa tu na vibao vyao, basi anauliza nilifanyaje.

Amesikia kweli. Niliuza, tena nikiambiwa asubuhi na jioni kwamba nyumba ya shamba, mbali na lami, hainunuliwi na mtu mwenye akili zake. Basi leo nitasema, na mwenye kununa anune.

Nyumba yenyewe tuliijenga mimi na mume wangu kwa mawe ya kuchimba, chumba kimoja kimoja, kwa mshahara wake wa ualimu na biashara yangu ya achari na pilipili za kusaga. Paa ni nusu mabati nusu makuti. Pesa zilituishia katikati, ndiyo sababu, ingawa wageni wakija husifu wakidhani ni mtindo. Mbele baraza, nyuma minazi na mwarubaini mkubwa, na kisima ambacho kiangazi maji yake huwa na chumvichumvi. Haikuwa nyumba ya gazetini. Tulitaka kuhamia Malindi mjini kwa sababu ya watoto na duka, na bila kuuza hatukuwa na njia.

Sasa watu wa kwetu wana ugonjwa mmoja. Kila mwenye nyumba kuanzia Watamu hadi Ngomeni ana Mtaliano wake kichwani. Sishangai. Tangu miaka ya 1960 Wataliano walipoweka kituo chao cha San Marco pale Ngomeni, wakarusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, Malindi imekaa nao. Kuna wavuvi wanaokisema Kitaliano kuliko Kiingereza. Mzee fulani aliwahi kumuuzia Mtaliano kiwanja cha ufuoni akapata pesa za kujenga ghorofa, basi hadithi hiyo imetembea vijiji vyote na kila anayeisimulia anaongeza sifuri.

Dalali wangu wa kwanza aliniletea hadithi hiyohiyo. Mteja yupo, yuko Milano, anakuja Desemba. Desemba ikaja, watu wakaja, mteja hakuja. Nikaambiwa ni habari za tiketi, kisha ni mke wake hajakubali, kisha nisubiri Agosti. Siku moja, kwenye kinu cha kusaga mahindi, mwanamume nisiyemjua akaniuliza kama nyumba ya fulani pale mwarubaini imeuzwa, maana yeye alitaka lakini bei imemshinda. Nikamwuliza ni bei gani. Akanitajia. Dalali alikuwa ameweka cha juu karibu nusu ya bei yangu! Nusu! Mimi nakaa nalaumu soko, kumbe wanunuzi wanakuja na kufukuzwa mlangoni bila mimi kujua. Sijamsamehe hadi leo, na nikikutana naye sokoni nageuza uso. Mungu anisamehe mimi.

Halafu nikaenda kwa wakili, mwanamke mwenye subira, akanieleza jambo ambalo nalisema kwa herufi kubwa kila nikipata nafasi. Chini ya Katiba ya 2010 mtu asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya moja kwa moja. Anaruhusiwa kukodi tu, na si zaidi ya miaka 99. Tena kama ardhi yako ni ya kilimo, kama yangu ilivyokuwa na kama zilivyo nyingi za vijijini, uuzaji wowote lazima upate kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi, na sheria inaitaka bodi hiyo imkatae mnunuzi asiye raia. Kwa hiyo huyo Mtaliano wa Milano, hata angekuja na pesa kwenye sanduku, shamba langu lisingekuwa lake. Tulikuwa tunamngoja mtu ambaye sheria imeshamfungia mlango. Kiwanja cha mjini au cha hoteli ni habari nyingine, lakini wewe huuzi hoteli.

Mteja wa pili alitoka Nairobi. Huyu angalau alikuwa mtu wa kweli, alikuja na familia nzima. Nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Wakasifu upepo, watoto wakapanda mwembe, mke wake akapiga picha kisimani. Kabla ya kufika Gede simu yake ilikuwa haipatikani. Watu wa mapumziko huiangalia nyumba kama wanavyoiangalia bahari. Wakirudi kwao wanakumbuka karo. Nimejifunza: mgeni wa Desemba mpe maji ya kunywa na umuage vizuri. Samaki wako kula na wanao.

Katika siku hizo ndipo shemeji yangu, harusini, mbele ya watu, akasema sisi tunauza kwa sababu maisha yametushinda. Akacheka. Wengine wakacheka naye. Nilinyamaza kwa heshima ya mume wangu, nikaenda jikoni nikajifanya nasaidia kupakua.

Haya, tufike kwa mnunuzi. Jirani yangu ni mama mtu mzima, mtoto wake wa kiume anafanya kazi Qatar. Kila siku mama huyu hupita mbele ya baraza yangu. Aliniona nikipaka chokaa, aliniona nikibadilisha makuti, alijua mvua za masika zikinyesha maji hayaingii ndani kwangu ilhali kwake yanaingia. Jioni moja akasimama.

"Mwanangu, nyumba hii mwauza kweli au mwatupima tu?"

"Twauza, mama. Kweli."

"Basi usimpe mtu wa mbali. Ningoje niseme na kijana."

Ndiyo hiyo. Mtu aliyenunua alikuwa akipita mlangoni muda wote, na hakuuliza kwa sababu alisikia bei ya dalali akajua si ya saizi yake. Nilipomtajia bei yangu, akashusha pumzi. Tukazungumza, nikashuka karibu robo. Naam, robo. Wako walionicheka kwa hilo pia. Lakini mnunuzi wa kijijini analipa kwa pesa anazozitolea jasho jangwani, hana mkopo wa benki, na pesa yangu niliipata yote.

Kijana alilipa kwa mafungu. Hapa sikilizeni vizuri. Hati ilikaa kwa wakili hadi shilingi ya mwisho ilipoingia, na makubaliano yaliandikwa, kila fungu na tarehe yake, kwa sababu ujirani ni ujirani na pesa ni pesa. Ombi la kibali cha bodi tulilipeleka mapema. Sheria inataka lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu kutiliana saini, na mkichelewa makubaliano yenu yanaweza kuwa karatasi tu. Mume wangu alitia saini ya ridhaa, maana nyumba ya ndoa haiuzwi na mmoja. Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi: asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani, asilimia 4 kwa ya mjini. Mtajieni mnunuzi hilo mnapojadiliana, ni faida yenu watu wa shamba na hamuitumii. Habari za foleni na "njoo kesho" za maofisini sitawachosha nazo, mnazijua.

Jambo jingine ambalo wengi hawalitilii maanani: usihame kabla hujauza. Tulibanana pale hadi mwisho, mume wangu akitoka alfajiri kwa bodaboda. Nyumba isiyo na watu kwetu pwani huliwa haraka, mchwa kwenye boriti, kutu kwenye mabati kwa ule upepo wa chumvi, na baada ya msimu mmoja wa kusi mnunuzi anaona gofu. Tena kuna kodi. Tangu Januari 2023 kodi ya faida ya mauzo ya mali ni asilimia 15, zamani ilikuwa 5. Lakini nyumba ambayo mwenyewe umeishi mfululizo miaka 3 kabla ya kuiuza inasamehewa. Ukihama ukaifunga, msamaha huo unauhatarisha kwa mikono yako. Muulize wakili kabla ya kufunga mizigo.

Na kuhusu kupamba, sikuweka vigae wala dari ya jipsamu kama nilivyoshauriwa. Nilisafisha kisima, nikatengeneza choo, nikapaka chokaa. Mnunuzi wa kijijini anaonja maji kwanza. Mimi niliwaambia wote wazi kwamba kiangazi yana chumvi. Muonyeshe nyumba wakati wa mvua pia, kama haivuji. Ikivuja, ziba kwanza.

Sasa wewe dadangu wa Hindi. Habari ya bandari niliisikia hata mimi huku. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, na ndugu zako bado wanangoja. Hiyo ndiyo Milano yenu. Angalia waliopo tayari: walimu, wauguzi, askari, wafanyakazi wanaopanga vyumba Hindi na Mokowe na kulipa kodi kila mwezi. Mmoja wao amechoka kupanga. Huyo mtafute, si kwa dalali, bali dukani, msikitini, kanisani, kwenye chama cha akina mama. Mtajie bei wewe mwenyewe kwa mdomo wako.

Lakini kabla ya yote, nyumba ni ya marehemu, na wewe huna mamlaka ya kuiuza hata ukipata mteja leo. Nendeni mahakamani mpate barua za usimamizi wa mirathi, na kama nyinyi ni Waislamu mnaweza kwenda kwa Kadhi. Kuuza mali ya marehemu bila hizo ni kosa la jinai, si utovu wa adabu tu. Ndugu wote waingie mapema. Anayesusa leo ndiye atakayeweka zuio kesho. Na kama shamba lilitoka kwenye mpango wa makazi wa serikali, fanyeni upekuzi wa hati muone kama deni la mpango limelipwa na kufutwa. Mzee anaweza kuwa alilipa na hakuna aliyekwenda kuliondoa kwenye rekodi za hati.

Na mlioko huku Malindi mnaomiliki nyumba lakini ardhi chini yake ni ya mtu mwingine, semeni hivyo tangu siku ya kwanza na iandikwe. Nyumba bila ardhi inauzika, imeuzwa pwani hii tangu enzi za mababu, ila mnunuzi akiligundua mwenyewe hatawaamini tena kwa lolote.

Acheni tamaa, jamani. Tunaswali tano, tunafunga, kisha tunamficha jirani bei ili apate mtu wa mbali tusiyemjua. Mtoto wa mtu anaungua na jua la Ghuba ili mamake apate nyumba isiyoingia maji, na sisi twasema atulipe kama Mzungu. Hapana. Mama yule sasa anakaa kwenye baraza langu na nikipita ananikaribisha chai, na duka langu mjini lipo, asante Mungu.

Shemeji naye ana kiwanja Marereni kimemganda mwaka wa pili. Juzi alimtuma mtoto aje kuniomba namba ya wakili wangu. Bado sijaituma.