Bata na kuku banda moja: wale pamoja, wanywe mbali

Mpaka kifaranga wa bata wa tatu alipolegea miguu ndipo nikaacha ubishi. Alikuwa na siku 11. Magoti yamevimba, miguu imepinda, na akitaka kuifikia sahani ya chakula anajisukuma kwa mabawa. Vifaranga wa kuku waliototolewa naye siku moja, wanaokula naye sahani moja, wanakimbizana hawana habari. Nikajua tu kakanyagwa. Jirani yangu hapa Sahare, Tanga, mama mtu mzima aliyefuga bata toka mimi sijazaliwa, akamwinua, akamgeuza, akamrudisha chini.

"Mwanangu, huyu hajakanyagwa. Unamlisha kama kuku."

Na kweli nilikuwa nawalisha kama kuku. Mayai ya bata nilimwatamisha tetea: kwanza mayai 6 ya bata wetu hawa wenye uso mwekundu, halafu baada ya siku 14 nikamwongeza mayai 8 ya kuku, kwa sababu bata hao huchukua siku 35 na kuku 21. Wakatoka pamoja. Kazi ya hesabu iliniendea vizuri mno, nikajiona nimemaliza. Nikanunua stata ya kuku, yaani chakula cha kuanzia vifaranga, ya kupima kwa kilo, na ilipopungua nikaiongeza kwa pumba za mahindi. Hapo ndipo nilipoharibu.

Bata anahitaji niasini, vitamini ya kundi B, nyingi kuliko kuku. Vitabu vya lishe ya ndege vinaweka miligramu 55 kwa kila kilo ya chakula cha kifaranga wa bata, na 35 kwa kifaranga wa kuku wa nyama. Mahindi yanayo, lakini imefungwa kwa namna ambayo tumbo la ndege haliifungui. Ukizidisha pumba za mahindi, kuku anaweza kuvumilia. Bata anakaa chini.

Nilikwenda duka la dawa za mifugo nikachukua unga wa vitamini B mchanganyiko, nikawawekea kwenye maji kama pakiti inavyoelekeza. Wawili walisimama ndani ya siku chache. Yule wa tatu nilichelewa naye, amekua na kilema chake. Usisubiri kama nilivyosubiri mimi. Ukiona kifaranga wa bata anakula ameketi, anza siku hiyo hiyo.

Siku hizi kwa bakuli 4 za stata naweka bakuli 1 ya pumba laini za mchele, zilizokobolewa karibuni, na nusu bakuli ya dagaa waliotwangwa. Kuku wanakula hicho hicho na hakiwadhuru. Nalowesha kidogo, kiasi kwamba ukikifumbata kinashikana na ukikiachia kinamomonyoka. Unga mkavu unamganda bata mdomoni, na uji unachacha kabla ya adhuhuri kwa joto hili letu. Natoa kidogo kidogo, kinachobaki baada ya dakika 20 nakiondoa.

Dagaa wana mtihani wao. Wengi wa ukanda huu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na vifaranga hawawezi chumvi nyingi. Mara ya kwanza niliwatwanga vile vile walivyotoka sokoni. Kufika jioni vifaranga hawabanduki kwenye maji na kinyesi ni maji matupu. Sasa dagaa nawaroweka usiku kucha, nabadilisha maji asubuhi, nawaanika tena wakauke, ndipo kinu.

Halafu kuvu. Masika ya Tanga mnayajua: kiroba cha mashudu kikikaa sakafuni wiki moja, ukikifungua kinanuka. Kuku mkubwa atakula na usione kitu, lakini katika ndege wote wa kufugwa kifaranga wa bata ni miongoni mwa wanaodhurika upesi na sumukuvu. Sumu yenyewe ilijulikana baada ya mwaka 1960, pale bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza, na vifaranga wa bata nao wakafa, kwa kula mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Kwa hiyo machicha ya nazi ya jana siwapi, hata yaonekane meupe. Kiroba nakiweka juu ya mbao, na nanunua cha wiki mbili tu.

Sasa maji, ambayo ndiyo ugomvi wa nyumba nzima. Bata lazima azamishe mdomo mpaka matundu ya pua, la sivyo pua zinaziba kwa chakula. Kifaranga wa kuku akiingia maji ya kina hicho anazama, au anatoka amelowa na baridi inammaliza. Kuku wangu wawili walikwenda hivyo, kwenye karai la kufulia. Suluhisho langu ni dumu la mafuta ya kula la lita 5: nalilaza, ubavuni natoboa matundu ya kupita kichwa cha bata bila mwili, najaza maji mpaka chini kidogo ya matundu. Dumu linakaa juu ya wavu uliotandazwa kwenye beseni, ili yanayomwagika yasiingie kwenye maranda. Kuku wana kisahani chao cha maji chenye vijiwe ndani, upande wa pili, palipo pakavu. Maranda yakilowa, kuku ndio watakaoanza kuhara damu.

Na dawa ya kuhara damu usiitie kwenye maji ya wote. Bata anakunywa mara kadhaa ya kuku, kwa hiyo anajizidishia dozi mwenyewe. Stata nyingine huja imeshatiwa dawa. Muulize muuzaji, au soma kiroba kabla hakijapimwa.

Wakifika wiki ya 3 natenganisha chakula. Bata napunguza stata na dagaa, naongeza mchicha uliokatwa, maana wakinenepa haraka bawa linapinda nje na halirudi. Kuku wanaendelea kama kawaida. Tetea analala na kuku, ila mchana anasimama kwenye wavu akiwaita wale bata, na wao wana kazi zao kwenye tope la migomba, ninapomwaga yale maji ya beseni.