Kiazi kupungua uzito kwenye maji ya nyuzi 60

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, kwenye jaribio lako la osmosisi (maji kupenya utando wa seli), vipande vyako vya kiazi viliongezeka uzito kwenye maji ya nyuzi 20, 30 na 40, ila kwenye 60 vikapungua, na unadhani umekosea. Hujakosea. Vibonyeze hivyo vya 60: vimelegea kama vilivyoanza kuiva, sivyo? Joto hilo limeshaharibu utando wa seli, vilivyomo ndani vinavuja, kwa hiyo hapo hupimi osmosisi tena. Baki kati ya 10 na 40.

Kuhusu namba zako za uzito kurukaruka kutoka kipande hadi kipande, angalia kwanza unavyokausha. Mimi nilihangaika siku nzima, kumbe kipande kimoja nakifuta kwa tishu, kingine napima kikichuruzika. Tone moja tu, kama gramu 0.05, kwenye kipande cha gramu 3 ni karibu asilimia 2!

Halafu pasha maji kwanza ndipo utumbukize kiazi, kipimajoto kikae humohumo, maana maji kidogo hupoa upesi. Vipande vyote vitoke kiazi kimoja, dakika 20 kila kimoja. Mizani yako inasoma desimali ngapi? Kama ni ya jikoni, ya gramu nzimanzima, azima nyingine.