Pipa la fundi wa Uyole

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Uyole, Mbeya. Umeme ukikatika, kazi inalala. Nimesikia kwamba huko Gabon mawe ya urani yaliwahi kujiwasha yenyewe ardhini, kwa kupitiwa na maji tu. Namtumbo urani ipo. Nikijaza mawe hayo kwenye pipa la lita 200, nikatia maji, mvuke ukazungusha dainamo, nitakwama wapi? Mchoro huu hapa.

JIBU: Marahaba, fundi. Mchoro wako umekaa mezani kwangu siku mbili, hadi mke wangu akauliza kama nimeanza kupika gongo.

Habari ya Gabon ni kweli. Mwaka 1972 Wafaransa waligundua kuwa urani ya Oklo imepungukiwa na aina ya 235, ile inayopasuka kirahisi. Ilikuwa imeshatumika, karibu miaka bilioni 2 iliyopita. Maji yaliingia kwenye mwamba, yakapunguza kasi ya nyutroni, vile vipande vidogo vinavyoruka kutoka kwenye viini, nazo zikapasua viini vya urani, joto likapanda. Maji yakigeuka mvuke, moto unafifia. Yakirudi, unaanza upya. Kwa hiyo kwenye maji umepatia kabisa.

Umechelewa tu. Urani 235 huoza upesi kuliko mwenzake 238: kila miaka milioni 704 nusu yake imekwisha. Enzi za Oklo, kati ya chembe 1,000 za urani, kama 30 hivi zilikuwa 235. Leo ni 7. Hapo ni kuwasha kuni mbichi kwa vijiti viwili vikavu, maana maji ya kawaida hupunguza kasi ya nyutroni lakini nyingine huzimeza kabisa, na hizo 7 haziwezi kufidia. Ndiyo sababu urani ya vinu vingi hurutubishwa kwanza, yaani huongezewa sehemu ya 235, na vile vya Kanada vinavyotumia urani ya asili hutiwa maji mazito, yenye hidrojeni nzito, ambayo humeza nyutroni chache.

Pipa nalo ni dogo, nyutroni zingetorokea pembeni. Mwanafizikia Enrico Fermi alitumia urani ya asili kule Chicago, tarehe 2 Desemba 1942, lakini alirundika zaidi ya tani 300 za grafaiti safi, kaboni ya kupunguza kasi ya nyutroni badala ya maji. Siku hiyo alipata nusu wati. Chaja ya simu yako inakula zaidi.

Basi pipa lako halitachemsha hata chai. Litakupa vumbi, na gesi ya radoni ambayo ukiivuta miaka mingi ndani ya karakana iliyofungwa huleta saratani ya mapafu. Tena mawe hayo hayapandishwi basi kwenye kiroba. Nenda kwanza Tume ya Nguvu za Atomiki ukaulize habari ya vibali.

Ila dainamo umeipanga vizuri, na mvuke hauchagui moto. Pumba za mpunga zinatosha kujaribia. Lakini usiwashe bado: pipa umelichomelea pande zote na sijaona valvu ya kupunguza presha.