Kabla hujaiuza, ifungue uitazame ndani

Ndugu yangu wa Kirumba, umeuliza kama kompyuta mpakato yako, inayovuma na kupata moto kila unapohariri video, ibadilishwe feni au uiuze ununue isiyo na feni.

Nakuomba usiiuze kwanza. Ndani yake mna bomba bapa la shaba lenye maji kidogo sana, ambayo huchemka juu ya prosesa, yaani chipu kuu inayofanya hesabu za kompyuta, kwa kuwa hewa imeondolewa bombani, yakageuka mvuke, yakapeleka joto kwenye mapezi, yaani vibamba vyembamba vya metali vilivyo mbele ya feni, kisha yakarudi kupitia utambi wa ndani. Ni ubunifu wa kupendeza mno, lakini haufai kitu mapezi yakiziba. Mimi nilipofungua yangu nilikuta vumbi limeshikamana na mabawa ya wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku, limekuwa kama kipande cha blanketi.

Zima mashine, chomoa betri, shikilia feni kwa kidole isizunguke, kisha sugua mapezi kwa brashi laini. Grisi ya prosesa, ile inayopitisha joto kutoka kwenye chipu hadi bombani, ikiwa imekauka, mwachie fundi aibadilishe.

Zisizo na feni, kama MacBook Air ya 2020 yenye chipu ya M1, hutawanya joto kupitia bamba la alumini; hazivuti vumbi, lakini kazi ndefu ya video ikizipasha moto hujipunguzia kasi, na kazi yako ndiyo hiyo.