Veranda ina paa, lakini mvua haishuki wima

Mhariri, wiki hii mmeuliza: veranda yenye paa iwekwe samani gani? Mimi naishi Tanga, karibu na bahari, na jibu langu naanzia kwenye upepo. Paa huzuia jua la utosini na mvua inayoanguka wima. Kusi ikivuma wakati wa masika, mvua huingia kwa ubavu hadi mlangoni, na hewa ya chumvi haina msimu. Ndiyo maana naumia nikiona sofa la sebuleni linatolewa nje eti kwa kuwa kuna paa. Sponji likilowa halikauki upesi. Linanuka ukungu, na mbao laini zilizofichwa ndani zinaoza bila mtu kujua.

Chaguo langu la kwanza ni msaji, au mtiki kama wengi tunavyouita. Una mafuta yake ya asili, hivyo haunywi maji upesi na mchwa hawaupendi. Tena unapandwa hapa hapa mkoani, katika shamba la Longuza wilayani Muheza. Mvule na mninga nazo ni mbao za kuaminika, ila bei!

Ukifika kwa fundi seremala, vanishi isikupumbaze. Pindua kiti utazame viungo. Vimechongwa ulimi na tundu, au vimegongelewa misumari tu? Msumari wa kawaida huku pwani unakula kutu, na kiti kinaanza kucheza. Penye skrubu, dai za chuma cha pua, kile kisichoshika kutu upesi. Viti vya mabomba ya chuma vinahitaji vifuniko vya plastiki miguuni, kwa sababu maji yakipenya humo kutu huanzia ndani, usikopaka rangi.

Halafu wazee. Veranda zetu ndipo anapoketi jirani aliyekuja kusalimia na hataki kuingia ndani, na mara nyingi ni mtu mzima. Viti vya kuzama vinamtesa. Kikalio kiwe kama sentimita 45 kutoka sakafuni, na kiti kiwe na mikono ya kushikia, ili bibi ainuke mwenyewe bila kuvutwa.

Mito iwe myembamba, yenye foronya za zipu zinazofulika. Asiye na fedha nyingi atengeneze benchi moja la msaji na anunue mkeka wa ukili. Seti nzima ya bei rahisi itamrudisha dukani baada ya masika mawili matatu.